Pete Mbili za Posa ya Binti Salhina

Mwenyezi Mungu anisamehe, hekaya hii niliwahi kuisimulia kwa uongo, nikasema jini alikuwa akikimbia baina ya pete mbili na kupeleka habari, kwa kuwa niliona haya kusema sijui.

Basi katika mji wa Kamarani alitawala Sultani Ghayathi, mwenye majeshi na mabustani, na binti yake Salhina aliposwa na Mwanamfalme Nadhiri wa ng'ambo ya jangwa, kwa pete mbili za ajabu, moja ikakaa kwa Salhina na moja kwa Nadhiri. Kila pete ilikuwa na jiwe lisilo na rangi mpaka liulizwe, na likiulizwa huwaka jekundu au jeupe, wala hakuna ajuaye litawaka lipi. Lakini hili likiwaka jekundu, lile la mbali, likiulizwa saa ileile, huwaka jeupe, na wapanda ngamia waliotumwa kulinganisha hawakukuta kosa hata moja.

"Hakuna harusi!" akanguruma Sultani. "Yupo anayepeleka habari, na kesho atapeleka siri za nyumba yangu."

"Baba, nguo zangu za harusi zinaliwa na nondo," akasema Salhina.

Waziri Tamimu akainama. "Maulana, hakuna mjumbe. Mawe yalifungashiwa majibu tangu kwa sonara, kama sanduku la bibi harusi." Na akatengeneza visanduku viwili vya kuiga mawe, akavifungashia majibu, akavitazama kwa fahari. Lakini mawe yaliweza kuulizwa pia harufu na joto, na hili likiulizwa rangi na lile harufu, majibu yalioana kwa kadiri ambayo visanduku vya waziri havikuifikia, avipange apendavyo. Akavipanga upya. Akavipanga tena. Salhina akajifunika uso kwa mtandio.

Ndipo akaitwa Kashfari, jini aliyefungwa kutumikia kiti cha enzi.

"Ni wewe unayepeleka habari?" akauliza Sultani.

"Mimi? Maulana, nimekimbia mpaka ulimi nje, nafika nakuta jiwe la pili limeshajibu! Mkinituma tena, heri mnirudishe chupani."

"Sasa yanaoanaje?"

Waziri akakohoa ili aanze upya, na Salhina akapiga sinia la kahawa kwa kiganja. "Basi, jamani! Baba, wewe unaogopa siri kutoka, sivyo? Haya, mtumie Nadhiri neno kwa pete yangu. Jekundu liwe ndiyo, jeupe liwe hapana."

Sultani akataka kutuma ndiyo, akaliamuru jiwe, akalibembeleza, akalichomolea upanga, likawaka jeupe.

"Halinitii!"

"Halimtii yeyote. Asiyeweza kuchagua rangi atapenyeza siri gani? Nadhiri huko anaona rangi tu, hata hajui kama umeuliza."

"Na kuoana kwa mawe?"

"Wallahi sijui, wala waziri hajui, wala jini hajui. Lakini mimi siolewi na maelezo, baba. Naolewa na Nadhiri."

Sultani akaurudisha upanga alani, kisha akatuma idhini kwa ngamia, maana pete isingeweza kuibeba, na harusi ikafungwa kwa hina na ambari na mali isiyokadirika, na Kashfari akaachwa apumzike. Mola hakutulazimisha kuzielewa ajabu zake zote ndipo tutende haki.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba: kama yupo anayengoja idhini yako, mpe leo.