Barua Iliyovushwa Mgongoni

Wapendwa, leo nawaomba tushuke pamoja hadi mtoni, kwenye kijiji kimoja cha milimani ambacho mto wake haukuwa na daraja. Msiniulize jina la kijiji. Kila mmoja ajihesabu kuwa anatoka huko.

Wakati wa kiangazi mto ule hata mbuzi huvuka. Masika ni habari nyingine. Na katika kijiji hicho kulikuwa na mtu mmoja, pande la mwanamume, ambaye masika yote kazi yake ilikuwa kubeba watu. Unapanda mgongoni, unamshika mabega, anaingia majini na fimbo yake, anakutua ng'ambo. Alibeba wajawazito, akabeba wagonjwa, akabeba walimu nao wameshika viatu mkononi. Mzee Shemweta, usicheke, hata wewe ungebebwa! Malipo yalikuwa chochote ulicho nacho: ndizi, kibaba cha mahindi, mara nyingi ahsante tupu. Jioni mkewe alimkanda magoti kwa maji ya moto, na yeye akamsimulia amembeba nani, na nani alipiga mayowe katikati ya mto.

Siku moja, mwanzoni mwa mvua, akatokea mwenyekiti wa kijiji anarudi kutoka wilayani. Amevaa koti, na ndani ya koti mna barua. Ilikuwa barua fupi. Serikali imekipa kijiji chenu ruzuku ya saruji, nondo na fundi, kwa ajili ya daraja la waendao kwa miguu. Wananchi watachangia mawe na mchanga, na kazi itaanza mara mawe yakiwa tayari. Barua hii isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ili kila mtu aione.

Mbebaji akainama, mwenyekiti akapanda.

"Ndugu yangu, niinue juu kidogo," mwenyekiti akasema. "Nina barua mfukoni, isije ikalowa."

"Ondoa shaka, mwenyekiti. Ni barua ya heri?"

"Heri tupu!"

"Basi tutaisikia mkutanoni."

"Mtaisikia tu. Msiwe na haraka."

Yule mtu akamwinua kadiri alivyoweza. Maji yalimfika kifuani, lakini koti la mwenyekiti halikupata hata tone.

Sasa niwaulize, mwenyekiti yule alikuwa mwizi? Hapana. Hakuuza hata mfuko mmoja wa saruji, na saruji yenyewe ilikuwa bado imekaa kwenye ghala la wilaya. Alipiga hesabu moja tu moyoni. Uchaguzi ulikuwa miezi mitano mbele. Nikiisoma leo, akawaza, wataishukuru serikali. Nikiisoma karibu na uchaguzi, watanishukuru mimi. Basi akalitundika koti kwenye msumari, na barua ndani yake. Wilayani walipopiga simu kuuliza kama ameshawatangazia watu, akajibu, "Tupo kwenye maandalizi." Mnalijua jibu hilo. Wengine wetu tumelitoa wiki hii hii.

Mvua ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Asubuhi moja mbebaji alimvusha mama mmoja na mtoto wake mchanga waliokuwa wanakwenda zahanati. Aliwafikisha. Aliwasukuma juu ukingoni, mama akashika majani, akapanda. Alipogeuka nyuma kumshukuru, gogo lilikuwa linashuka na maji, na mtu hakuwepo tena. Walimpata siku ya pili, amenasa kwenye matete.

Kijiji kililia. Jamani, kililia! Nani pale hakuwahi kushika mabega yale?

Mnajua desturi yetu ya msibani. Baada ya maziko, karani wa msiba alisimama na daftari lake akasoma michango mbele ya wote. Bibi wa bondeni, mayai manne. Fundi cherehani, sukari kilo mbili. Mwenyekiti wa kijiji, mbuzi mmoja. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha karani akauliza kama makarani wote wanavyouliza: "Kuna mchango wowote ambao haujasomwa?"

Mwenyekiti alikuwa amevaa lile koti. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, vidole vikaigusa barua. Angeweza kusimama wakati ule. Kingekuwa kitu kichungu kuliko vyote alivyowahi kufanya, lakini angeweza. Kabla hajaamua, mjane akaja akapiga magoti mbele yake kumshukuru kwa ajili ya mbuzi.

"Serikali imetusahau huku, mwenyekiti," akasema huku analia. "Tuna wewe tu."

Mwenyekiti akakohoa. Karani akangoja kidogo, akafunga daftari.

Zilipobaki siku saba kabla ya uchaguzi, mkutano uliitishwa. Mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti ya kishindo, vigelegele vikapasua anga, vijana wakambeba juu juu. Mnaona? Akabebwa tena. Kisha akaibandika ubaoni kwa mikono yake mwenyewe, kama ilivyoagizwa. Jambo moja alilisahau, kwamba barua huwa na tarehe.

Kesho yake asubuhi alimkuta mjane amesimama mbele ya ubao, peke yake, kidole chake kikiwa juu ya tarehe.

"Mwenyekiti, hii ndiyo ile aliyokuvusha nayo?"

Mwenyekiti akaisoma ile tarehe.

"Jioni ile aliniambia, leo nimemvusha mwenyekiti na barua ya heri, tungoje mkutano. Tukangoja." Mjane hakupaza sauti. "Ungemwambia tu, baba. Yeye angeanza kukusanya mawe jioni ile ile."

Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake shambani. Uchaguzi mwenyekiti alishinda. Daraja likajengwa kiangazi kile kile, kwa wiki tatu. Wiki tatu, wapendwa!

Sasa turudi kwetu. Sisi ni mabingwa wa kusoma mayai manne ya bibi kizee. Hapa kanisani ndizi za mjane tunazitangaza, na asiyetoa kitu tunamjua kwa jina. Lakini kinacholetwa na serikali kwa ajili yetu sote, cha shule, cha zahanati, cha kikundi cha akina mama, hicho tunaona haya kukiulizia. Tunaogopa tutaonekana wachokozi. Na anayetugawia kilicho chetu tunampigia magoti kana kwamba kimetoka jikoni kwake. Yule mjane tutamlaumu? Alipiga magoti kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Na wewe uliye mwenyekiti, uliye katibu, uliye kwenye kamati, mimi sikuiti mwizi. Najua hukuiba. Umeiacha tu kwenye koti, unangoja siku nzuri. Lakini unapoingoja siku hiyo, yupo mtu yumo majini, na wewe umekaa mgongoni mwake, na yeye anajitahidi barua yako isilowe.

Kwaya itaimba, lakini si sasa. Kwanza nauliza kama yule karani, na mimi daftari silifungi haraka. Kuna mchango wowote ambao haujasomwa? Aliye na barua asimame aisome. Wenyewe tupo hapa.