Saini Zilizokwanguliwa na Sultani

Zama zile mji wa Ungamani ulitawaliwa na Sultani Taimur bin Ghalib, na Sultani huyo alilipenda jina lake kuliko alivyowapenda raia zake, akaliandikisha kwenye misikiti asiyoijenga na visima asivyovichimba, na wasifiaji wasiojua haya wakamwita mjenzi. Na katika mji huo aliishi Bi Mwanapenza binti Haroub, mjane muuza karafuu, na shauku yake ilikuwa moja tu: vitabu vya Marekani ya kale, vya zile nyika za magharibi ambako wageni waliingia na bunduki na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na wenyeji wakafukuzwa katika ardhi ya babu zao. Wala hakununua kitabu ila kilichotiwa saini na mwandishi mwenyewe. Miaka ishirini aliwaagiza mabaharia, akapata kumi na saba. Alichokienzi zaidi kilitungwa na mwanamke mmoja wa wenyeji wale, aliyefukuzwa kwao angali mtoto, na saini yake haikuonekana mahali pengine popote duniani.

Sultani akasikia sifa za vitabu, akaviazima siku tatu. Vikarudi vimefungwa kwa hariri, na Mwanapenza alipofungua cha kwanza, macho yakamtoka. Saini ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu mpaka karatasi imekonda kama ganda la kitunguu, na juu yake umepigwa muhuri wa Sultani. Akafungua cha pili, na cha tatu, na vyote vilikuwa hivyo. Alipofikia cha yule mwanamke damu ikamchemka, akajitupia buibui na kwenda barazani pasi na kubisha hodi.

"Maulana, umenifanyia nini?"

"Tumekutukuza," akajibu Sultani. "Ada ya jumba hili, kitabu kikiingia humu hakitoki na jina jingine ila letu. Mbona hushukuru?"

"Nishukuru! Mama yule walimpora ardhi, wakampora nyumba, likabaki jina. Nawe, uliyekula ukashiba, umekosa cha kupora ukamfuata huko huko kwenye jina lake?"

Mawaziri wakainamisha vichwa. Mwanapenza akakinyakua kidau cha wino mbele ya karani wa Sultani, akakibamiza sakafuni kwa nguvu zake zote, na kidau kikapasuka, na moshi ukafuka, na ndani ya moshi akasimama jini mrefu mwenye hasira kama zake.

"Babu yake huyu alinifunga humu," akanguruma jini, "niandike jina la ukoo wake juu ya jasho la watu. Umenifungua, bibi. Amuru jambo moja: nikupe hazina yake? Au nimgeuze ngedere?"

Huyo ngedere alimtamanisha, tusidanganyane. Lakini Mwanapenza akasema, "Kila jina lirudi kwa mwenye kazi yake."

Papo hapo saini kumi na saba zikarejea kurasani, na muhuri ukafutika. Na misikitini yakatokea majina ya waashi, na visimani majina ya wachimbaji, na majina ya watumwa waliokwisha kufa yakasomwa kwa sauti na wajukuu zao, na watu wakalia njiani. Siku saba Sultani alizunguka mjini akitafuta jina lake, asilione hata kwenye kilemba chake.

Akamwendea Mwanapenza dukani kwa miguu, akamtaka ndoa na nusu ya ufalme.

"Na kwenye hati ya ndoa kadhi ataandika jina la nani?" akamuuliza.

Sultani akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake, maana karani hakuwapo: *Nilikosa. Niliwadhulumu.* Akatia saini, akangoja ifutike kama jina lake lilivyofutika kwingine kote, nayo ikakaa.

Najua mlingoja harusi. Harusi hakuna, wala Mwanapenza hakumsamehe siku ile. Aliipokea karatasi, akaisoma mara mbili, akamwambia, "Hii ni kazi yako ya kwanza, Maulana. Nenda ukafanye ya pili."