Bwana Fisi Atakatisha Meno

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifagia nyumba zao na kuanika nguo kama sisi, Mama Pimbi alikuwa pangoni kwake akikunja nguo za watoto. Pango lilikuwa na mlango mmoja tu. Mara mlango ukajaa Fisi. Pu!

"Hodi," akasema Fisi, ameshaingia.

"Karibu, kaka."

Watoto, shwaa, uvunguni mwa kitanda! Mikia haikuonekana, maana pimbi hana mkia.

"Sikai sana," akasema Fisi. "Naenda kuposa, na kwenda ukweni na njaa ni aibu. Nianze na wewe, au na hao wa uvunguni?"

Mama Pimbi akimbilie wapi, na Fisi ndiye mlango? Akakitazama kile kinywa kilichofunguka, meno ya manjano kama mahindi ya kuchoma. Akaangua kicheko.

"Unacheka nini wewe?"

"Aa, kula tu, kaka. Nacheka meno."

"Yana nini?"

"Hayana kitu. Ila wakwe wakikuambia, bwana harusi, hebu cheka tukuone?"

Fisi akafunga mdomo. Hakuwahi kuambiwa habari hiyo, kwani wote waliowahi kuyaona meno yake kwa karibu hawakurudi kusimulia.

"Yanatakasika?" akauliza kwa kupitia puani.

"Hapa hapa nyumbani! Dawa za asili, hazina madhara."

"Haya, upesi. Nikishatakata, nakula."

Wakaanza na mkaa. Kwaru, kwaru, kwaru! Fisi akajitazama kwenye maji ya mtungi, akaruka nyuma.

"Mama Pimbi! Mbona mdomoni kumekuwa usiku?"

"Sukutua, kaka. Sasa majivu."

Majivu yakampanda puani. Chyaa! Chungu kikapinduka, nguo zilizokunjwa zikakunjuka. Meno ya manjano vile vile, na vumbi juu yake.

"Unanichezea!" akanguruma, akasogea. Uvunguni mtoto mmoja akaanza kulia.

"Kaka, hiyo ilikuwa kufungua njia tu!" Mama Pimbi akavuta haraka bakuli la ndimu na maembe mabichi aliyokatia achari. "Dawa yenyewe ni hii. Tafuna, sugua kila jino. Ukisikia uchachu, ujue weupe unaingia."

Fisi akatafuna. Jicho moja likafumba. Masikio yakalala.

"Hsss! Unaingia!"

"Ongeza."

"Hsss! Mama, unaingia mpaka kisogoni!"

"Ukiacha sasa, upande mmoja utabaki wa manjano."

Fisi akamaliza bakuli zima, akatafuna na maganda.

"Meupe?"

"Kama tui la nazi."

"Vizuri. Njoo sasa." Akamdaka Mama Pimbi shingoni, akang'ata.

"Uwiii!"

Aliyepiga kelele ni Fisi. Akamwachia kama aliyeuma kaa la moto. Ninyi mnaokwenda kujificha na embe bichi na chumvi mnaijua hii: ganzi! Meno yote yalikuwa yamekufa ganzi. Hata kugusana yenyewe kwa yenyewe yalikataa.

Akajaribu tena, polepole, kwa midomo.

"Kaka," akasema Mama Pimbi, "unaniuma au unanibusu?"

"Shubili kidogo," akasema Fisi, mate yakimchuruzika. "Yatalejea."

"Ningesubiri, kaka, lakini watoto hawajala."

Akawaita. Wakatoka mmoja mmoja, mama yao akiwaongoza, wakapita chini ya tumbo la Fisi, haoo, kuelekea mwamba wa juu asikoweza kupanda. Wa mwisho alikuwa mtoto mwenye adabu. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

Fisi akafungua kinywa aitikie. Upepo ukapenya menoni.

"Hsssss!" akaitikia.

Basi, wanangu, mtu akikuambia una kasoro na papo hapo anayo dawa yake, muulize kwanza yeye anaogopa nini.