Pimbi Asiye na Mkia Barazani

Naleta!

— Leta!

Ikija nzima?

— Tuipokee!

Ikija inachechemea?

— Tuishike mkono!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole. Ukikosa neno moja usinililie nirudie.

Kale, kale sana, kabla babu wa babu yako hajajifunza kukoroma, wanyama wa Bonde la Mtama waliishi pamoja. Walikuwa na ghala moja, baraza moja na adui mmoja. Adui mwenyewe Chui. Chui alikaa msitu wa nyuma ya mlima, na njia ya kuingilia bondeni ilikuwa moja tu, upenyo mwembamba kati ya majabali. Wenyewe waliuita Kilango.

Kilangoni walikaa walinzi, Mbwa Mwitu na ndugu zake. Kila mwezi ulipoandama, kila kaya ilipeleka pishi ya mtama ghalani ili walinzi wale. Usiniulize mbwa mwitu anakulaje ugali wa mtama. Katika ngano hii anakula, tena anaomba aongezewe.

Mtunza ghala alikuwa Fisi. Mmeguna? Gunieni tumboni, bado mapema.

Juu mwambani aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo kama sungura, mkia hana, na meno yake mawili ya mbele hufika mahali kabla ya mwenyewe. Lakini sauti! Sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili. Kwa sauti hiyo wakazi wa mwambani walimchagua awe mjumbe wao barazani.

Basi siku moja, jua likizama, Chui akapita Kilangoni, akapanda mwambani, akambeba mtoto wa kwanza wa Pimbi. Walinzi hawakubweka. Siku ya pili akambeba wa jirani. Walinzi kimya. Kwa Pimbi akabaki mtoto mmoja, Pili, na kila jani likianguka Pili anaruka.

"Mheshimiwa," mkewe akamwita, na akimwita hivyo ujue kuna moto. "Tulikupeleka barazani ukaseme au ukaote jua?"

"Nitasema, mama Pili."

"Sema leo. Kesho usije ukakuta hata huyu sina."

Pimbi akashuka mbio.

Sasa, baraza lile lilikuwa na desturi. Anayetaka kusema huinua mkia, Spika akauona, akampa ruhusa. Zamani haikuwa hivyo. Zamani mwenye neno alikohoa tu, na wote wakageuza masikio. Kisha Fisi akaleta habari ya mkia, akasema ndio ustaarabu, na wenye mikia mirefu wakafurahi sana.

Spika alikuwa Kiboko. Mkia wake mwenyewe kama kidole gumba, lakini nani amwambie?

Pimbi akasimama. "Mheshimiwa Spika!"

"Mkia," akasema Kiboko.

"Sina, mheshimiwa. Lakini nina mtoto aliyeliwa."

"Mtoto si mkia. Kaa chini."

Pimbi akakaa. Fisi akainua wake, akapewa nafasi. "Wajumbe," akasema, "walinzi wetu wanateseka kwa njaa. Naomba kila kaya ilete pishi mbili." Mikia ikasimama kama nyasi. Ikapita.

Kesho yake Pimbi akaenda kwa Mjusi. "Ndugu yangu, niazime mkia."

Mjusi akacheka mpaka akadondoka ukutani. "Chukua, bwana. Mimi nitaota mwingine." Akaukata tap! Pimbi akaupaka utomvu, akaubandika nyuma, akaenda barazani anatembea kwa madaha, utadhani bwana harusi.

Akainua mkia. Kiboko akauona. "Mjumbe wa mwambani, sema."

"Mheshimiwa Spika, nauliza, walinzi—"

Mkia wa mjusi mnaujua, ukikatika haujui kama umekufa. Ukaanza kucheza wenyewe. Ukacheza huku, ukacheza kule, ukabanduka, ukaruka, ukatua puani kwa Kiboko.

Baraza likavunjika mbavu.

"Mheshimiwa," Fisi akasema huku akifuta machozi ya kicheko, "mkia wako umetoka nje. Ufuate!"

Pimbi akaufuata. Kicheko kikamsindikiza hadi chini ya mwamba.

Alipanda kwa aibu, hakuingia pangoni. Akakaa juu ya jiwe, jiwe bado lina joto la jua. Na joto lile likamrudisha utotoni.

Enzi hizo, jioni kama hii, baba yake alisimama pale pale akaita, "Wa mwambani tupo! Wa mtoni mpo?" Wa mtoni wakaitika, nao wakawaita wa nyikani, na wa nyikani wakawaita wa mitini, na wa mitini wakawaita walinzi. Mwito ukalizunguka bonde zima. Pimbi mdogo alilala chali juu ya jiwe akiusikiliza unavyokwenda mbali, unavyokuwa mwembamba, na usingizi ulimchukua kabla haujafika Kilangoni. Usingizi ule, jamani! Wa kulala bila kusikiliza kitu.

Na mahali mwito ulipokatika, bonde zima lilikimbilia hapo. Ndiyo ilikuwa desturi.

Nani aliiua? Fisi. Alisema kelele za jioni zinawachosha walinzi. Baraza likapiga marufuku, na wanyama wakajifunza kulala kila mmoja na hofu yake.

Pimbi akasimama juu ya jiwe.

"Baba Pili, watakufunga!" mkewe akanong'ona kutoka pangoni.

"Hapa hakuna Spika," akasema Pimbi. Akavuta pumzi. "Wa mwambani tupo! Wa mtoni mpo?"

Kimya.

"Wa mwambani tupo! Wa mtoni mpo?"

Kimya.

Akaita mara ya tatu, sauti ikapasuka katikati. Ndipo kule chini Chura akajibu, kwanza kama anajaribu tu koo: "Wa mtoni... tupo! Wa nyikani mpo?"

"Wa nyikani tupo!" akalia Punda Milia. "Tupo, jamani, tupo! Wa mitini mpo?"

"Wa mitini tupo!" akapiga kelele Tumbili. "Walinzi wa Kilango, mpo?"

Hakuna aliyejibu. Kisha sauti nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, ikasema, "Walinzi tupo! Laleni!"

Sauti imetoka wapi? Kilango kiko upande wa mlima. Sauti imetoka ghalani!

Lo! Hakuna aliyelala. Desturi ilirudi miguuni kabla ya kurudi kichwani, wote wakakimbilia Kilangoni. Wakakuta meko ya walinzi yameota majani. Wakamkuta na Chui, mguu mmoja umeshaingia bondeni. Chui akatazama: pembe, kwato, meno, na mbele kabisa Pimbi anapiga kelele. Akakumbuka kuwa ana shughuli kwao.

Kutoka pale wakaenda ghalani. Fisi alikuwa amejifungia ndani na mtama. Alipotaka kukimbia, mlango ukamkataa, tumbo limekuwa pana kuliko mlango. Walinzi walishaondoka zamani kwa njaa, hata pishi moja haikuwafikia. Na pishi ya pili? Mtazameni tumbo.

"Utaratibu! Utaratibu!" akafoka Kiboko, aliyefika mwisho akihema. "Anayetaka kusema ainue mkia!"

"Hata mimi sina," akasema Chura. "Miaka yote nimeona haya peke yangu. Pimbi, sema."

Pimbi akasema, na hakusema sana. Walinzi warudishwe Kilangoni. Ghala lifunguliwe mchana, mbele ya wote waliolijaza. Na mwenye neno asikilizwe, awe na mkia wa twiga au asiwe nao kabisa. Kisha wakamtoa Fisi kwa kumvuta miguu ya mbele, wakamfukuza bondeni. Mgongo wake haukunyooka tena, na wewe ukimwona leo umemwona.

Walinzi wakarudi. Jioni ya kwanza mwito ukazunguka bonde lote, na Mbwa Mwitu akaufunga: "Walinzi tupo!" Pili alikuwa ameshalala.

Mkewe akachungulia. "Shuka ule, mheshimiwa." Safari hii alilitaja jina hilo kwa upole.

"Nangoja."

"Unangoja nani? Wote wameitika."

"Si wote," akasema Pimbi.

Mkewe akapanda, akakaa karibu naye juu ya jiwe, wakamngoja pamoja yule wa kwanza mpaka jiwe likapoa.

Ndiyo maana hadi leo pimbi hulia sana giza likiingia, na ukisikiliza vizuri, katikati ya kilio huwa ananyamaza kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu.

Funzo lake, na nyie mnaojifanya mmesinzia sikieni: ukimchagua mtu akusemee, naye mkubalie aseme; na ukiambiwa ukae kimya ili ulindwe, nenda kwanza ukamtazame mlinzi kama yupo.

Nimeileta!

— Tumeipokea!

Inachechemea?

— Imetembea!

Basi iacheni hapa ipumzike, nami nipisheni nikalale.