Kipande cha Nyama Juu ya Karai

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Haupendezi machoni, lakini ni wako, na mgongo wako umekwisha kuuzoea. Msala upitao ni mzuri, ila una mwenyewe, naye akiondoka huondoka nao. Télesphore Bolduc, mkulima wa Beauce katika nchi ya theluji, aliyajua hayo kama alivyojua jina lake, na bado akateleza.

Kwa miaka thelathini, juu ya karai lake la kuchemshia utomvu mtamu wa miti ya mepo mpaka uwe shira, kilining'inia kipande cha mafuta ya nguruwe kwa uzi. Aliyekifunga kila mwaka theluji ilipoanza kulainika ni mkewe, marehemu Rosalba; mwaka huu Télesphore alikifunga mwenyewe. Shira ikifura, povu lilipanda, likayagusa yale mafuta, kisha likanywea kama mtoto aliyekemewa.

Jumamosi moja ulikuwa mpiko wa mwisho wa msimu. Machipukizi yalikuwa karibu kufumuka, na utomvu wa baada ya hapo haunyweki. Kesho yake, siku ya Pasaka, ukoo mzima ungekuja kula shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, mara ya kwanza tangu Rosalba azikwe. Karai hilo likiharibika, hapakuwa na jingine. Mapipa mengine yote ya shira chama cha wakulima kilikwisha kuyachukua, maana kazi ya chama ni kuchukua.

Ndipo kwenye kibanda cha kupikia shira akaingia Bwana Vaillancourt, ofisa wa chama, viatu vinang'aa kama havijawahi kuonana na tope. Mkononi alibeba kisanduku.

"Mzee wangu, hicho kinyama ni aibu," akasema. "Mashine hii inadondosha dawa ya povu yenyewe, kwa umeme. Ijaribu leo, nami nitakuandika mkulima wa mfano."

Télesphore alikuwa amewatukana wakubwa wa chama tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Lakini hayo maneno, mkulima wa mfano, yalimpanda kichwani kama pombe kali. Akaukata uzi, kipande akamtupia mbwa.

"Baba!" Solange, bintiye, aliacha kuchochea kuni akashika kiuno. "Si juzi tu umesema hawa hawawezi kuchemsha hata maji ya chai?"

"Juzi ni juzi. Chochea moto."

"Haya, mkulima wa mfano."

Mashine ikafanya kazi, tone baada ya tone. Vaillancourt akakaa juu ya pipa tupu, akining'iniza miguu, akafungua chakula chake. Mara upepo ukavuma, tawi likaangukia waya wa umeme barabarani, na taa ikazimika. Kisanduku kikalia mara moja tu, kikanyamaza. Povu, lilipoona hakuna wa kulikataza, likaanza kupanda.

"Bwana, fanya kitu!"

"Ngoja nipige simu ofisini..."

"Ofisini? Jumamosi?" Télesphore alifoka. "Ninyi hata Jumatatu hampokei!"

"Mafuta, Baba! Tafuta mafuta!"

Nyumba ilikuwa mbali, ng'ambo ya shamba. Mbwa alikuwa mlangoni akijilamba midomo. Povu likafika ukingoni, na tone la kwanza likalia *chaa* juu ya jiko. Télesphore akageuka huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, na macho yake yakatua kwenye mkono wa ofisa. Mkate! Tena umepakwa nyama ya nguruwe ya kusaga, nene, imeganda kwa mafuta.

Hakuomba. Aliunyakua ukiwa umeng'atwa mara moja, akaubwaga karaini, na povu lote likaanguka kifudifudi.

Solange alicheka hadi akakaa juu ya kuni. "Bwana Vaillancourt, leo ndiyo mara ya kwanza chama kumrudishia mkulima kitu!"

Ofisa mwenyewe akacheka, njaa ikimuuma. Wakaichuja shira vizuri, wakampa mayai yaliyopikwa ndani yake, akala mpaka akalegeza mkanda. Kisha akakibeba kisanduku chake, kwa kuwa kijiji cha pili kulikuwa na mkulima mwingine wa mfano aliyekuwa akikingoja.

Siku ya Pasaka ukoo ulikula theluji tamu mpaka vidole vikanatana. Télesphore alijitenga nao kidogo, akaingia kibandani na kipande kipya cha mafuta, akakifunga pale pale kwa fundo alilofundishwa na Rosalba.

"Nisamehe, mama Solange," akanong'ona. "Walinipamba nikapambika."

Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.