Kiti cha Mbele cha Pijo ya Yasini

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ikishaanza haimsubiri mtu.

Ujiji palikuwa na mafundi watatu. Sikitu alikuwa na sikio: akigonga chuma kwa nyundo ndogo, anajua palipo hai na palipokufa. Ntahondi alikuwa na jicho: anakunja bati nene bila futi, likakaa kama limezaliwa pale. Mashaka alikuwa na mkono: akichomelea, chuma cha jirani hakipindi. Mdomo walikuwa nao wote, lakini huo tusiuhesabu.

Yasini alikuwa na gari moja, Pijo ya mwaka 1964, na binti mmoja, Mwamini. Aliapa mbele ya wakwe kuwa gari lililomleta mkewe ndilo litakalomtoa bintiye. Alisahau kwamba kwa miaka kumi na miwili alilibebesha magunia ya chumvi ya Uvinza. Wiki moja kabla ya harusi alifungua mlango, gari likabonyea katikati kama mgonjwa wa kiuno. Mihimili miwili ya chini, inayobeba bodi zima, ilikuwa imeliwa na kutu. Upande wa bwana harusi wakatuma pole, na ndani ya pole mlikuwa na kicheko.

Yasini akatangaza: atakayeliokoa gari atakaa kiti cha mbele. Na katika ukoo wao, anayekaa hapo siku ya harusi huwa mzazi wa pili wa bibi harusi maisha yote.

Sikitu akaingia uvunguni, akagonga shibiri kwa shibiri. Yasini alitaka vikatwe vyuma vilivyoonekana kwa macho kuchakaa. Sikitu akamkatalia. “Baba Mwamini, huyu mbaya wa sura ni mzima. Aliyeoza ni huyu uliyempaka rangi.” Akachora chaki pa kukatwa.

Ntahondi akapasua bodi la lori kuukuu, akakunja mihimili mipya. Yasini alipomletea futi, aliambiwa akapimie kanzu yake. Mihimili ikaingia bila kugongwa hata mara moja.

Mashaka, kabla chochote hakijakatwa, alifunga vyuma mtambuka kwenye nafasi za milango ili bodi lisikunjane. Kisha akachomelea kipande cha urefu wa kidole huku, akahamia kule, akaacha kipoe. Yasini akalia kwamba harusi ni kesho. Mashaka akamjibu, “Nikikimbia, mzee, utapata gari lenye umbo la ndizi. Kanywe chai.”

Jumamosi, siku ya harusi, jeki zikashushwa. Yasini akafunga milango yote minne kwa kidole kimoja. Tap, tap, tap, tap. Injini ikanguruma, vigelegele vikapanda, na mjomba wa bwana harusi mwenyewe akaomba nafasi kwenye buti.

Mwamini alikuwa ameshakaa nyuma na shangazi zake. Mbele ya kile kiti kimoja kitupu walisimama mafundi watatu, wameoga, wamenukia, kila mmoja ameshika kitasa.

“Bila mimi mngebeba uozo,” alisema Sikitu.

“Bila mimi mngebeba hewa,” alisema Ntahondi.

“Bila mimi,” alisema Mashaka, “mlango huu mnaogombea usingefungika.”

Yasini akawatazama mmoja mmoja, jasho likimtoka ndani ya kanzu mpya, na Mwamini akichungulia dirishani kumjua mzazi wake wa pili.

Je, wewe ungemfungulia nani? Na wale wawili ungewatazama kwa uso gani?