Muhanga Alikufaje?

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Vyema. Sogeeni. Wakubwa nao wasogee, maana hadithi hii ina swali, na swali hilo mtalijibu nyinyi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto wa mchanga. Mvua ikinyesha, unajaa. Mvua ikikatika, unakauka, kinabaki kisima kimoja tu. Na kisima hicho kilikuwa na wenyewe. Hawakukichimba, walikikalia tu. Walikuwa Fisi watano, na mkubwa wao aliitwa Kingugwa.

Ukitaka kunywa, toa fungu. Kanga alitoa mayai. Nungunungu alitoa viazi. Asiyekuwa na kitu alitoa mtoto.

"Sisi tunawalinda," Kingugwa aliwaambia.

"Mnatulinda na nani?" Muhanga akauliza siku moja.

"Swali gani hilo, mama!" Kingugwa akacheka, hi hi hiii! Fisi wenzake wakacheka. Wanyama wengine nao wakacheka kidogo, kwa woga.

Muhanga hakucheka. Mnamjua Muhanga? Masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, kucha kama majembe. Nusu ya wanyama wa pale walilala katika mashimo aliyoyachimba yeye. Basi akageuka, akapanda na mto mpaka chini ya jiwe kubwa, akaanza kuchimba kisima kingine. Chaku! Chaku! Chaku!

Juu ya jiwe hilo aliishi Pimbi na watoto wake. Kazi ya Pimbi ilikuwa kukaa juu na kuangalia. Akiona hatari hupiga kelele, na kila mnyama akisikia hukimbia.

"Dada, acha," Pimbi akamwambia. "Watakuua."

"Mdogo wangu, una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Walikuwa wangapi?"

Pimbi akawavuta watoto wake karibu. Walikuwa wanne.

"Basi kaa hapo juu uniangalizie," Muhanga akasema. "Ukiwaona, piga kelele. Mimi najua kuzama ardhini."

Chaku! Chaku! Siku ya kwanza, mchanga mkavu. Chaku! Chaku! Siku ya pili, mchanga mkavu. Siku ya tatu mchanga ukaja na ubaridi, ukashikamana na kucha.

Siku hiyo hiyo, jua la utosini, Fisi wakaja.

Pimbi aliwaona. Aliwaona tangu mbali. Kingugwa naye akamwona. Akasimama, akainua kichwa, akawatazama watoto wa Pimbi waliokuwa wanaota jua. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu. Mmoja. Wawili. Watatu.

Pimbi akafungua kinywa. Sauti haikutoka.

Chaku! Chaku! Chak...

Kimya.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Kule maiti hafukiwi mpaka aulizwe habari zake. Nungunungu ndiye aliyekuwa mzishi. Husimama kaburini na kuuliza mara tatu, "Huyu amekufaje?" Jibu la tatu ndilo linalofukiwa pamoja na maiti, na ndilo watoto watakalosimuliwa.

Wanyama wote walikuja mazishini. Fisi nao walikuja. Walikaa mbele kabisa, wakalia kuliko wafiwa.

"Mzikeni humo humo shimoni mwake," Kingugwa akasema huku akijifuta machozi. "Mnahangaikia nini kuchimba kaburi, na marehemu kajichimbia mwenyewe?"

Wakamlaza mle. Nungunungu akauliza, "Huyu amekufaje?"

"Homa," akasema Kanga, akiangalia miguu yake.

"Huyu amekufaje?"

"Mchanga ulimporomokea," ikasema sauti nyuma.

"Maskini," Kingugwa akasema. "Mchanga hauna huruma."

"Huyu amekufaje?"

Nungunungu akangoja jibu la tatu; likikosekana, hufukiwa la pili. Akainama achote mchanga wa kufukia.

Pimbi alikuwa ukingoni mwa shimo. Aliziona kucha za Muhanga, bado zina mchanga wenye maji. Akawaza, ukishafukiwa uongo huu, na maji yamefukiwa. Na wanangu watasimuliwa habari za homa na mchanga. Akafungua kinywa, na ile kelele iliyomkwama siku ile ikatoka yote.

"Kweeee! Ameuawa!"

"Nani huyo?" Kingugwa akaunguruma.

"Mimi Pimbi, mama wa wanne. Ameuawa. Wewe ulimshika shingo, wenzako wakamshika miguu. Niliwaona, nikanyamaza, na aibu hiyo ni yangu. Lakini uongo wenu haufukiwi hapa."

Kingugwa akainuka polepole. "Mama Pimbi, umesahau una watoto wangapi?"

"Sijasahau hata mmoja. Niue na mimi. Nitalazwa hapa hapa, na Nungunungu atauliza tena, mara tatu. Utajibu nini? Homa? Una homa ngapi wewe, Kingugwa?"

Mnyama mmoja akacheka. Hakuwa Fisi. Alikuwa Kanga, na machozi yanamtoka.

"Haikuwa homa," Kanga akasema. "Nilidanganya. Ameuawa."

"Ameuawa," ikasema ile sauti ya nyuma.

"Ameuawa! Ameuawa!"

Nungunungu akasimamisha miiba yake, chakacha! "Nimeuliza, nimejibiwa. Ameuawa."

Fisi wakangoja wanyama wakimbie. Hawakukimbia. Kingugwa akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

"Mtakunywa wapi?" akafoka.

"Hapa," akasema Pimbi.

Wakamtoa Muhanga shimoni. Wakamchimbia kaburi lake ukingoni, kwa midomo, kwa kwato, kwa vidole visivyojua kuchimba. Lilitoka pembe moja juu, nyingine chini. Wakamzika kwa heshima. Kisha wote wakaingia katika shimo lake. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Kesho yake, maji.

Fisi walirudi? Walirudi, tena mara mbili. Pimbi akapiga kelele, kweeee! Zamani wanyama wakiisikia walikimbia kwenda mbali. Sasa wakiisikia walikimbia kuja. Mara ya tatu Fisi hawakuonekana.

Na mpaka leo, kabla ya kuinama kunywa, wanyama wa mto ule huulizana. Haya, zamu yenu. Muhanga alikufaje?

Aliuawa!

Alifanya nini?

Alituchimbia maji!

Nani amwogope Kingugwa?

Hakuna!

Funzo lake ni hili, wanangu: anayewatetea wenzake akiuawa, waliobaki wana kazi mbili, kuusema ukweli wa kifo chake na kuimaliza kazi yake.

Hadithi yangu naiacha hapo, ukingoni mwa kisima. Mwenye kiu na anywe.